Lawama kwa Vijana, Saini za Wazee

Imani kwamba uadilifu kazini huja pamoja na mvi ni ya kale, na katika Afrika Mashariki imezidi kushika tangu ajira zilipoanza kuwa haba. Mahubiri ya Ijumaa na ya Jumapili, hotuba za bungeni, semina za maofisa utumishi na soga za vijiweni hukubaliana katika jambo hili kuliko mengine mengi: kijana wa leo hana subira, anataka kiwanja na gari kabla hajathibitishwa kazini, na haoni aibu kupiga dili, ilhali wazee wake walitumikia umma kwa mshahara kiduchu na mikono safi. Dawa inayotolewa hufuata imani hiyohiyo. Mwajiriwa mpya hupelekwa kwenye mafunzo ya maadili, husainishwa hati ya uadilifu, kisha huwekwa chini ya uangalizi wa mkongwe. Mkongwe mwenyewe haulizwi kitu.

Imani hiyo ni potofu, na upotofu wake una gharama. Umri una uzito mdogo katika kuamua nani atakula rushwa, nani atanyamaza na nani atatoa taarifa. Uzito mkubwa uko kwenye shinikizo linalomkuta mtu pale alipo: amri ya bosi, malengo yasiyofikika, deni, matarajio ya ukoo, hofu ya kupoteza kibarua. Kinachoitwa tabia ya ujana mara nyingi ni hali ya yeyote aliye ngazi ya chini kabisa, na ngazi ya chini ndiko vijana wanakowekwa.

Tuanze na kumbukumbu ya zamani iliyo safi. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Hakuna anayetunga mwiko wa jambo lisilotendeka. Ilikuwa imepita miaka mitano tu tangu Tanganyika ipate uhuru, na tayari chama tawala kiliona viongozi wake wakianza kujilimbikizia. Mwaka 1971 ikatungwa sheria ya kuzuia rushwa. Mwaka 1975 kikaundwa kikosi maalumu cha kupambana nayo, ambacho ndicho chanzo cha TAKUKURU ya leo. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako mkubwa dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Waliokuwa wakificha sukari na kuuza kwa mlango wa nyuma mali za mashirika ya umma hawakuwa kizazi cha simu janja. Ni rika lilelile ambalo leo linatolewa mfano wa nidhamu.

Kulinganisha Tanzania na Kenya katika miaka hiyo kunafundisha zaidi ya hotuba yoyote. Mwaka 1971 Kenya ilipokea ripoti ya tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, ambayo iliruhusu watumishi wa umma kumiliki biashara binafsi wakiwa bado ofisini. Mwaka huohuo TANU, chama tawala cha Tanzania, ilitoa Mwongozo uliozidi kuwabana viongozi wa Tanzania. Watumishi wa nchi hizi mbili walikuwa wa rika moja. Baadhi yao walikuwa wamesoma pamoja Makerere, na wengi walipitia utumishi wa kikoloni wa Uingereza. Umri wao haukutofautiana, wala malezi yao hayakupishana sana. Kilichopishana ni kanuni zilizowazunguka: upande mmoja afisa wa leseni aliweza kuwa pia mwenye duka linaloomba leseni, upande wa pili alikatazwa. Kisha, Februari 1991, CCM, chama kilichoirithi TANU, ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya Arusha, baada ya miaka mingi ambayo thamani ya mshahara ilikuwa imeporomoka vibaya. Hazikupita hata miaka sita kabla Rais Benjamin Mkapa hajalazimika kumpa Jaji Joseph Warioba kazi ya kuongoza tume kuhusu kero ya rushwa. Wananchi walikuwa walewale, na wengi wa viongozi pia. Mazingira ndiyo yaliyogeuka.

Kashfa kubwa za eneo hili zinasema hivyohivyo. Katika Goldenberg, mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Kenya ililipa mabilioni ya shilingi kama motisha ya kuuza nje dhahabu na almasi. Kenya haikuwa na almasi ya kuuza, na dhahabu yake ilikuwa haba. Motisha hiyo ilifikia asilimia 35 ya thamani iliyodaiwa, na ili ilipwe zilihitajika idhini za wizara na za Benki Kuu. Katika kashfa ya EPA, akaunti ya madeni ya nje, mwaka wa fedha 2005/06, zaidi ya shilingi bilioni 133 zilitoka Benki Kuu ya Tanzania kwenda kwa kampuni 22. Malipo ya namna hii hayafanywi na karani wa miaka 24. Yanahitaji saini, na saini zinazofungua hazina hukabidhiwa watu waliokaa kazini miongo miwili au mitatu.

Karani wa umri huo alikuwepo kweli katika Goldenberg, na alifanya kinyume kabisa na yale yanayosemwa kuhusu rika lake. David Munyakei aliajiriwa Benki Kuu ya Kenya mwaka 1991, akiwa bado katika miaka ya ishirini, katika kitengo kilichoshughulikia malipo ya wauzaji wa nje. Aliona nyaraka zisizolingana na malipo yanayorudiwa kwa kampuni ileile. Alikuwa na kila kinachodhaniwa kumwangusha kijana: kazi mpya, mshahara wa ngazi ya chini, wakubwa waliokuwa wamekwisha kunyamaza. Alitoa nakala za nyaraka hizo, zikawafikia wabunge wa upinzani, na kashfa ikafichuka. Mwaka 1993 alikamatwa na kushtakiwa kwa sheria ya siri za serikali. Mashtaka yakaanguka, lakini kazi hakurudishiwa. Alitoa ushahidi mbele ya Tume ya Bosire iliyoundwa mwaka 2003 kuichunguza kashfa hiyo, na mwaka 2004 tawi la Kenya la Transparency International lilimpa tuzo ya uadilifu. Alifariki mwaka 2006, akiwa maskini, bila kuajiriwa tena na benki aliyojaribu kuiokoa. Ndani ya jengo lile wazoefu walikuwa wengi. Aliyetoa nyaraka alikuwa karani mchanga.

Haitoshi, hata hivyo, kushinda hoja kwa mfano mmoja wa kishujaa. Wanaowalaumu vijana wana ushahidi, nao unastahili kupimwa kwa haki.

Wa kwanza ni utafiti wa Taasisi ya Afrika Mashariki ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, uliotolewa mwaka 2016, kuhusu vijana wa Kenya wa miaka 18 hadi 35. Nusu yao walisema si hoja mtu amepataje fedha, mradi asiishie jela. Asilimia 35 walikuwa tayari kutoa au kupokea rushwa. Takwimu hizi zilienea magazetini na bado hunukuliwa kila kijana anapoharibu kazi. Kuna mambo mawili husahauliwa. Waliohojiwa ni vijana peke yao. Hakuna mzee aliyeulizwa maswali hayo, na bila jibu la mzee hakuna cha kulinganisha. Anayesema vijana ni wabaya zaidi kwa kutumia utafiti huu anasoma kitu kisichoandikwa humo. Pia, katika ripoti hiyohiyo, asilimia 73 walisema wanaogopa kusimamia lililo sawa kwa hofu ya kulipiziwa kisasi. Namba hiyo ni kubwa kuliko zote zinazonukuliwa, na haielezi moyo uliooza. Inaeleza watu wanaojua lililo sawa na wanaojua pia bei yake. Mtu huogopa kutenda jema pale tu anapolitambua jema lenyewe.

Ushahidi wa pili ni mzito zaidi. Mwaka 2019 watafiti wa Ujerumani walikusanya majaribio zaidi ya 500, yenye washiriki zaidi ya 44,000, ambamo watu walipewa nafasi ya kudanganya kwa faida ndogo, kwa mfano kutaja matokeo ya kurusha sarafu au dadu pasipo mtu kuwaona. Waligundua kwamba udanganyifu hupungua kadiri umri unavyoongezeka: takriban asilimia 47 kwa mwenye miaka 20, takriban 36 kwa mwenye miaka 60. Tofauti ipo na haifai kufichwa. Ila ukubwa wake ni wa kiasi. Zaidi ya theluthi ya wenye miaka 60 bado walidanganya, na jinsi jaribio lilivyopangwa ilibadilisha sana kiwango cha udanganyifu. La muhimu zaidi, ndani ya chumba cha majaribio hakuna bosi anayesubiri jibu, hakuna marejesho ya mkopo mwisho wa mwezi, hakuna mjomba anayepiga simu kutoka kijijini. Jaribio limeondoa makusudi vile vitu ambavyo ofisini ndivyo vinavyoamua. Linapima mwelekeo wa mtu akiwa huru, wakati kazini hakuna aliye huru kiasi hicho.

Wapo pia wanaoegemea saikolojia ya makuzi, wakikumbusha kwamba Lawrence Kohlberg alieleza jinsi fikra za kimaadili zinavyopanda ngazi kwa ngazi tangu utotoni. Nadharia hiyo inahusu namna mtu anavyotoa hoja kuhusu jema na baya, na si lazima atende kadiri ya hoja zake. Zaidi ya hapo, James Rest, aliyeendeleza kazi hiyo kwa kuwapima watu wazima, alikuta kiwango cha elimu kinabashiri ukomavu wa hoja kuliko miaka ya kuzaliwa. Mtu akishakuwa mtu mzima, kalenda peke yake haimfundishi.

Wizi wenyewe unapochunguzwa, badala ya michezo ya maabara, sura inageuka. Chama cha wachunguzi wa udanganyifu chenye makao yake Marekani, ACFE, hutoa kila baada ya miaka miwili ripoti ya kesi za wizi wa kazini kutoka nchi nyingi. Ripoti hizo zimekuwa zikionyesha kwa muda mrefu kwamba wahusika wengi wana kati ya miaka 31 na 45, na kwamba hasara inayosababishwa na mtu mmoja hupanda kadiri umri wake unavyopanda, kwa sababu umri huambatana na cheo. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na taasisi huirefusha kamba mwaka baada ya mwaka kwa kuamini kwamba aliyekaa muda mrefu amekwisha kupimwa. Ripoti hizo zinaonyesha pia kuwa wengi mno wa wahusika hawakuwahi kupatikana na hatia yoyote kabla. Walikuwa watu wa kawaida, wenye rekodi safi, hadi siku fulani. Kilichobadilika siku hiyo ndicho kinachopaswa kutafutwa.

Mwaka 1953 Donald Cressey, mwanasosholojia wa Marekani aliyewahoji wafungwa waliokuwa wameiba fedha walizokabidhiwa, alijibu kwa mambo matatu: shida ya fedha ambayo mhusika anaona hawezi kumweleza mtu, nafasi ya kuitatua kwa siri, na maneno ya kujihalalishia, hasa “nakopa tu, nitarudisha.” Umri haumo katika matatu hayo. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1973, John Darley na Daniel Batson walilitazama shinikizo likiwa peke yake. Waliwachukua wanafunzi wa theolojia wa Princeton, baadhi yao wakiwa wametakiwa kwenda kuzungumza kuhusu Msamaria Mwema, na njiani wakawawekea mtu aliyejikunyata akiugua mlangoni. Wasiokuwa na haraka, asilimia 63 walimsaidia. Walioharakishwa kidogo, asilimia 45. Walioambiwa wamekwisha kuchelewa, asilimia 10. Rika moja, wito mmoja, jengo moja. Dakika chache za haraka ziliwatenganisha kuliko umri ulivyowahi kuwatenganisha watu katika utafiti wowote uliotajwa hapa.

Haraka ya kampuni hufanya kazi vivyo hivyo, kwa miaka badala ya dakika. Wells Fargo, mojawapo ya benki kubwa za Marekani, iliwataka wafanyakazi wa matawi wamuuzie kila mteja bidhaa nane. Lengo halikufikika, na asiyelifikia aliwekwa kikaangoni. Wafanyakazi wakaanza kufungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Mwaka 2016, benki ilipotozwa faini ya dola milioni 185, ilibainika kwamba watu wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa katika miaka mitano hivi. Mkurugenzi mkuu, John Stumpf, alipokuwa mbele ya wabunge alisisitiza kuwa lilikuwa kosa la wachache wasio waaminifu. Ndiyo hoja ileile ya vijana wabaya, ikiwa na kola nyeupe. Mwaka 2020 mdhibiti wa benki alimtoza yeye binafsi dola milioni 17.5 na kumpiga marufuku kazi ya benki. Watu 5,300 waliofanya kosa moja, kwa njia moja, chini ya lengo moja, hawawezi kuelezwa kwa tabia zao binafsi.

Shinikizo la Afrika Mashariki lina majina yake. Kijana wa Tanzania aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016. Kabla ya hapo ilikuwa 8. Ukishatoa pia kodi na mchango wa hifadhi ya jamii, kinachobaki kinasubiriwa na wengi: ada za wadogo zake, dawa za wazazi, michango ya harusi na misiba. Ukoo uliomsomesha hauombi. Unadai, na una haki fulani ya kudai. Akipelekwa bandarini au mamlaka ya mapato, habari hufika nyumbani kabla ya barua ya ajira, na mshahara unaofikiriwa huko ni mara tatu ya ule halisi. Hapo ndipo mikopo ya kausha damu inapoingia. Mkopeshaji hushika kadi ya benki na namba ya siri, na mwalimu au muuguzi hulipa riba miezi mingi bila kugusa mtaji. Juu ya yote kuna kipindi cha matazamio, ambacho mkuu wa idara anaweza kukimaliza kwa alama ya chini. Kijana anayeagizwa kusaini posho ya safari isiyofanyika hapambani na tamaa yake. Anapambana na mtu anayeshika kalamu ya kumthibitisha.

Uzee nao hauleti nafuu. Huleta shinikizo la namna nyingine. Mtumishi wa umma Tanzania kwa kawaida hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Mwaka 2018 kanuni mpya ya kikotoo cha pensheni iliweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 25, wakati baadhi ya wanachama walizoea kuhesabu nusu. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Rais John Magufuli aliisitisha Desemba mwaka huohuo. Mwaka 2022 ikawekwa asilimia 33, na mwaka 2024 serikali ikapandisha hadi 40 kwa wale walioshushwa kutoka nusu hadi 33. Mtu mwenye miaka 57, nyumba iliyoishia kwenye linta na watoto bado chuoni, alishuhudia kiinua mgongo chake kikipanda na kushuka kwa matangazo. Ana saini, anajua mianya yote, na muda unamwishia. Kumwita mtu huyo nguzo ya maadili kwa sababu ya mvi zake ni kufumba macho mbele ya hatari iliyo wazi.

Lipo pingamizi la kweli: kwamba hoja ya shinikizo huwapa wakosaji kisingizio. Jibu ni kwamba kueleza si kusamehe. Ripoti ya Warioba ya mwaka 1996 ilitenganisha rushwa ya wenye kipato kisichotosha na rushwa ya wakubwa wanaosukumwa na tamaa, wala haikuhalalisha hata moja. Ilitambua tu kwamba haziponi kwa dawa moja. Kinachowapa wakosaji kisingizio ni kulaumu umri, kwa kuwa lawama hiyo humfukuza karani na kumwacha aliyetoa agizo. Uhakiki wa vyeti Tanzania, uliotangazwa Aprili 2017, ulikuta watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakiwamo waliokuwa wameitumikia serikali miaka mingi chini ya wakubwa ambao hawakuwahi kuuliza. Hakuna semina ya waajiriwa wapya ambayo ingewafikia watu hao.

Panapobadilishwa mazingira, tabia hufuata bila kusubiri kizazi kipya. Tangu mwaka 2017 malipo mengi ya serikali ya Tanzania hupitia namba ya malipo iitwayo kontroo namba, na mwananchi hulipa kwa simu au benki. Mhasibu wa dirishani, awe na miaka 25 au 55, hashiki tena noti za ada nyingi ambazo zamani ziliishia mfukoni kwa stakabadhi bandia. Hakuna aliyemgeuza moyo. Fedha tu hazipiti tena mkononi mwake. Ni mafanikio ya kiasi, kwa kuwa wizi wa zabuni na wa posho haupiti dirishani, lakini yanaonyesha mahali pa kuanzia: malengo ya mauzo yapimwe kama yanafikika kwa njia halali, riba ya wakopeshaji wa mitaani idhibitiwe, na ukaguzi wa mali uanze kwa wenye saini kubwa.

Sehemu ngumu ni ile asilimia 73 ya vijana wa Kenya waliosema wanaogopa kusimamia lililo sawa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Nchini Kenya muswada wa aina hiyo ulizungushwa kwa miaka mingi. Hata palipo na sheria, aliye kwenye matazamio huondolewa bila kufukuzwa. Hathibitishwi, au huhamishiwa kituo cha mbali, au mkataba wake huachwa uishe, na faili halionyeshi kisasi chochote. Ulinzi wenye maana kwake ungekuwa huu: mwajiriwa aliyetoa taarifa asikataliwe uthibitisho, asihamishwe wala asinyimwe mkataba mpya mpaka uamuzi huo upitiwe na chombo kilicho nje ya taasisi yake, na mwajiri ndiye abebe mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ni nyingine.